Damu Ikitoka Puani: Ubane, Upoze, Upulize Dawa au Uzibe kwa Pamba?

Damu inapoanza kudondoka puani, nyumba haikosi washauri. Mmoja atasema bana pua, wa pili atakimbilia barafu, wa tatu atakuwa ameshaanza kusokota pamba, na wa nne atashikilia kwamba mgonjwa alale chali au ainue uso atazame juu. Shauri hili la mwisho tuliondoe mapema, kwa sababu halistahili kulinganishwa na mengine. Mtu akiinua uso, damu haiachi kutoka, bali hubadilisha njia na kushuka kooni, ambako humezwa na kuchafua tumbo hadi mtu atapike, au humpalia. Tena humdanganya anayemhudumia, ambaye haoni tone mbele na hudhani damu imekoma kumbe inaendelea kwa siri.

Njia tatu za mwanzo, pamoja na dawa ya kupuliza ambayo watu wengi huisahau kabatini, zote zina hoja. Tatizo la anayetaka kuchagua ni kwamba kila mmoja huisifu njia iliyomsaidia yeye, na kwa kuwa damu nyingi za puani hukoma zenyewe baada ya muda, karibu kila njia ina shahidi wake. Kwa hiyo ni vyema tuanze na mahali damu inapotoka, kisha vigezo, ndipo tuzitazame njia zenyewe.

Damu hutoka wapi?

Pua imegawanywa na ukuta wa katikati. Karibu na mlango wa pua, kwenye sehemu ya mbele ya ukuta huo, matawi ya mishipa kadhaa ya damu hukutana na kufanya mtandao ulio chini ya utando mwembamba sana. Daktari Mmarekani James Lawrence Little alilieleza eneo hilo mwaka 1879, na Mjerumani Wilhelm Kiesselbach akalieleza mwaka 1884, na mpaka leo madaktari hulitaja kwa majina yao. Takriban asilimia 90 ya damu za puani hutoka hapo. Ndipo ukucha wa mtoto anayechokonoa pua unapofika, ndipo hewa kavu inapokausha utando hadi ukapasuka, na ndipo mafua na mzio unapochubua kutokana na kupenga kila saa.

Damu chache zilizobaki hutoka nyuma, ndani kabisa ya pua, kwenye mishipa mikubwa zaidi. Hizi huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, huwa nyingi, na hushuka kooni hata mgonjwa akiwa ameinama mbele. Tofauti hii ndiyo inayoamua mengi katika ulinganisho huu, kwani mahali pa mbele panafikiwa na vidole viwili, ilhali pa nyuma hapafikiwi na chochote kilichomo nyumbani.

Vigezo tutakavyotumia

Nimechagua maswali manne, nami nitayauliza kwa kila njia. Kwanza, je, njia hii inaugusa mshipa uliopasuka au inazunguka tu pembeni yake? Pili, inahitaji nini, ukizingatia kwamba jambo hili hutokea usiku wa manane, njiani au darasani? Tatu, inaweza kumdhuru nani? Nne, inaliacha vipi donge la damu linaloziba jeraha? Swali hili la nne husahaulika, na kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha njia nzuri na njia inayoonekana nzuri, kwa kuwa damu iliyokoma kisha ikaanza upya baada ya nusu saa ni usumbufu mkubwa kuliko ile iliyochelewa kukoma.

Kubana pua

Kubana hugusa penyewe, mradi vidole viwekwe panapotakiwa. Mgonjwa aketi wima, ainamishe kichwa mbele kidogo, kisha abane sehemu yote laini ya pua, iliyo chini ya mfupa, kwa kidole gumba na cha shahada. Abane pande zote mbili hata kama damu inatoka upande mmoja, apumue kwa mdomo, na damu inayofika mdomoni aiteme badala ya kuimeza. Abane kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo, bila kuachia.

Hapo kwenye "bila kuachia" ndipo wengi tunapoanguka, na mimi ni mmoja wao. Usiku mmoja mwanangu wa miaka 6 alikuja kuniamsha akiwa amekinga kiganja chini ya pua, na damu imeshachirizika hadi kwenye kiwiko. Nilimbana pua, nikaachia nione, nikambana tena, nikaachia tena, na ndani ya dakika tano nilikuwa nimechungulia mara nne na kujiaminisha kwamba kubana hakusaidii chochote. Ukweli ni kwamba kila nilipochungulia nilikuwa nalivunja donge la damu lililokuwa linaanza kuganda, na kuirudisha saa kwenye sifuri. Mara iliyofuata, wiki chache baadaye, nilimpakata, nikaweka saa ya ukutani mbele yetu, na kumwambia kwamba hatuangalii pua, tunaangalia mshale. Dakika ya pili akauliza kwa sauti ya kukwama, "Mama, tayari?" Nikamwambia bado, mshale haujafika. Ulipofika niliachia polepole, na hapakuwa na damu.

Kosa la pili ni la mahali. Watu wazima wengi, wakisimama mbele ya kioo, hubana juu kabisa, pale miwani inapokaa. Hapo chini ya ngozi ni mfupa mtupu, na mfupa haubanwi. Damu inaendelea kutoka chini huku mtu akidhani anafanya kazi. Ukitaka kujua kama umeshika panapofaa, jaribu kuvuta hewa puani. Ikipita hata kidogo, vidole viko juu mno au havijabana vya kutosha.

Njia hii inahitaji vidole na saa tu, haina sumu, haina umri, na haiingiliani na dawa yoyote. Mahali pa kuiepuka ni pua iliyogongwa ikapinda au kuvimba sana, kwani huenda mfupa umevunjika, na kuibana kwa nguvu huongeza maumivu na madhara. Kuhusu donge, hakuna njia inayoliacha salama zaidi, kwa sababu hakuna kitu ndani ya pua cha kuchomolewa baadaye. Udhaifu wake ni subira. Mtoto mdogo hukataa na kupigapiga miguu, mzee mwenye viungo vinavyouma huchoka baada ya dakika tatu, na anayetetemeka kwa hofu hulegeza bila kujua. Kwa watu hawa msaidizi ndiye anayebana, na wale ambao damu huwatoka mara kwa mara wanaweza kutumia kibanio cha pua kinachobaki mahali pake bila mkono kuchoka.

Barafu na kitambaa cha baridi

Hoja ya baridi ni kwamba mishipa ya damu hujikunja inapopozwa, hivyo damu inayopita hupungua. Hoja ni sahihi, lakini ushahidi kwamba barafu juu ya pua au kwenye paji la uso hufupisha muda wa kutoka damu ni hafifu. Baridi ya nje inapaswa kupita ngozi na mfupa kabla ya kuufikia ukuta wa ndani, na huenda ikafika imechoka. Kunyonya kipande cha barafu huenda kukasaidia zaidi, kwa kuwa kaakaa ni jirani wa karibu wa pua. Kitambaa cha baridi kisogoni, ambacho wengi wetu tulilelewa nacho, ndicho kilicho mbali zaidi na jeraha.

Kinachohitajika ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, maana barafu tupu juu ya ngozi huunguza, na hata iliyofungwa isikae mahali pamoja zaidi ya dakika 10. Mtoto mdogo asipewe kipande cha barafu mdomoni, kwani kinaweza kumkaba. Ukiacha hayo, baridi haina madhara na hailigusi donge kabisa.

Nisiidharau njia hii kupita kiasi. Mtu aliyegongwa na mpira usoni atanufaika nayo kwa sababu hupunguza uvimbe na maumivu, na mgonjwa aliyejawa hofu hutulia anapowekewa kitu baridi shavuni, jambo ambalo lina thamani yake wakati unamtaka akae kimya kwa robo saa. Lakini ichukuliwe kama msindikizaji wa kubana, na yule anayeichagua peke yake ajue kwamba anategemea zaidi tabia ya damu kukoma yenyewe.

Dawa ya kupuliza ya kufungua pua

Hapa nazungumzia zile dawa zinazouzwa kwa ajili ya pua iliyoziba kwa mafua, zenye oksimetazolini au zailometazolini. Hukunja mishipa ya ndani ya pua kwa nguvu, na ndiyo maana huzuia damu pia. Kwa kigezo cha kwanza zinafika, kwani zikipulizwa vizuri hulowanisha utando wenyewe uliopasuka. Namna ya kuzitumia ni kupenga taratibu mara moja ili mabonge yatoke, kupuliza kwenye tundu linalotoka damu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha kubana kama ilivyoelezwa. Anayepuliza na kukaa tu ameifanya nusu ya kazi, na ikiwa damu inamwagika, dawa huoshwa kabla haijagusa chochote.

Zinahitaji kuwepo nyumbani kabla ya siku ya tukio, jambo ambalo tayari linawaondoa wengi. Upande wa madhara ndio unaohitaji uangalifu zaidi katika njia zote nne. Dawa hizi zinaweza kupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kwa hiyo mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, presha ya macho, au anayetumia baadhi ya dawa za sonona aulize kwanza, na mjamzito vilevile. Mtoto aliye chini ya miaka 6 asipuliziwe bila ushauri wa daktari au mfamasia. Na hakuna anayepaswa kuzitumia zaidi ya siku tatu mfululizo, kwa sababu pua huzizoea na kuziba zaidi kila zinapoisha nguvu, kisha mtu anabaki mtumwa wa chupa.

Niongeze tahadhari moja inayowahusu wenye mzio. Dawa ya kupuliza ya mzio, yenye steroidi, ni kitu kingine kabisa. Haizuii damu, na wakati mwingine ndiyo inayoisababisha, hasa ikielekezwa kwenye ukuta wa katikati siku baada ya siku. Ujanja rahisi ni kutumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia. Kwa hivyo mdomo wa chupa unaelekea nje, upande wa sikio, na ukuta unapumzika.

Njia hii inamfaa mtu mzima mwenye afya ambaye damu humtoka mara kwa mara na ambaye amekwisha kumwona daktari kuhusu sababu. Pia humfaa yule aliyebana dakika zote 15 na bado damu inatoka kidogo, akitaka kuongeza nguvu katika duru ya pili. Donge haliharibiki, mradi mtu asipenge tena baadaye.

Pamba, tisu na shashi

Kuziba tundu kwa pamba huonekana kuwa jambo la busara, na kwa kigezo cha kwanza lina ukweli ndani yake, kwani kitu kilichojaa vizuri hukandamiza ukuta kutoka ndani. Hospitalini njia hii hutumiwa, ila kwa vifaa maalumu vinavyovimba au vinavyoyeyuka, na kwa mkono unaoona unachofanya. Nyumbani pamba kavu hunywa damu, hukauka nayo, hushikamana na jeraha, na siku inapochomolewa hutoka na donge lote. Damu huanza upya, mara nyingi kwa nguvu ileile. Tisu ni mbaya kuliko pamba kwa sababu hulowa, hukatika, na kipande hubaki juu. Mtoto aliyesahauliwa na kipande cha pamba puani hutoa baadaye usaha wenye harufu mbaya upande mmoja, na wazazi huhangaika na dawa za mafua bila kujua chanzo.

Hata hivyo kuna mazingira ambamo kuziba kuna nafasi yake. Mtu mzima anayepelekwa hospitali kwa mwendo mrefu, ambaye amechoka kubana, anaweza kutumia kipande safi cha shashi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, kilicholoweshwa dawa ya kupuliza, au kilichopakwa mafuta ya mgando ili kisishikamane, na kuacha mkia mrefu nje ya tundu. Akiweke taratibu na asikisukume juu, kisha aendelee kubana kwa nje. Kama lengo ni kulinda nguo tu, kitambaa kilichokingwa chini ya pua hutosha bila kuingiza kitu ndani. Kwa mtoto nisingeshauri kuziba kabisa.

Baada ya damu kukoma

Hapa pia kuna uchaguzi mdogo, kati ya mafuta ya mgando na maji ya chumvi. Mafuta hupakwa kidogo sana kwa ncha ya kidole, ndani kidogo ya mlango wa pua, mara moja au mbili kwa siku kwa siku chache, na humfaa mwenye ukoko unaowasha na kumshawishi auchokonoe. Yasipakwe kwa wingi wala kuzoewa kwa miezi, kwani yakivutwa hadi mapafuni huleta madhara. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua humfaa anayekaa kwenye hewa kavu au chumba chenye kiyoyozi, na anaweza kuyatumia kwa muda mrefu zaidi. Anayeyatengeneza mwenyewe atumie maji yaliyochemshwa na kupoa. Kwa saa 24 za kwanza mgonjwa asipenge, asiinue vitu vizito, aepuke vinywaji vya moto na pombe, na chafya ikija aifungulie mdomo.

Uchaguzi kulingana na hali

Kwa mtoto wa miaka 2 na kuendelea, anayetokwa damu bila kuanguka wala kugongwa, chagua kubana ukiwa umempakata, na ikiwa analia mpe kitambaa baridi ashike shavuni. Kama damu humrudia, kata kucha zake na lainisha pua yake kabla ya kulala; kazi kubwa iko hapo kuliko kwenye tukio lenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apelekwe kwa daktari hata kama damu imekoma, kwa sababu katika umri huo si jambo la kawaida.

Kwa mtu mzima mwenye presha, kubana na kuketi kwa utulivu ni salama kuliko dawa ya kupuliza. Presha kubwa inayopimwa wakati damu inatoka inaweza kuwa imepandishwa na hofu yenyewe, kwa hiyo apimwe tena akishatulia badala ya kumeza kidonge cha ziada kwa kukisia.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, au aspirini ya kila siku, abane dakika zote 15, na kama damu haijakoma katika duru ya kwanza aende hospitali bila kusubiri. Asiziache dawa hizo kwa uamuzi wake, kwa kuwa huenda zinamkinga na kiharusi.

Aliyegongwa usoni apewe kitambaa chenye barafu na apelekwe akachunguzwe, hasa ikiwa pua imepinda, ikiwa alipoteza fahamu, au ikiwa majimaji yasiyo na rangi, kama maji, yanatoka puani pamoja na damu au baada yake.

Mtu ambaye damu humrudia mara kadhaa kwa wiki, au huchubuka kirahisi mwilini, au ana ndugu wenye tatizo hilohilo, asiendelee kulinganisha njia za nyumbani. Huenda ana tatizo la kuganda kwa damu au la mishipa yenyewe. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza pia kuona mshipa unaosumbua na kuuchoma kwa dawa, kazi ya dakika chache.

Na kwa yeyote yule, duru mbili za kubana, yaani nusu saa, zikipita bila damu kukoma, au damu ikimwagika kooni mfululizo, au mgonjwa akipauka, akisikia kizunguzungu na kupumua kwa shida, aende hospitali akiwa ameketi, ameinama mbele, na vidole bado viko puani. Anayemsindikiza akumbuke mambo matatu ambayo wataulizwa mlangoni: damu ilianza saa ngapi, ilianza tundu gani, na mgonjwa anatumia dawa zipi.